Namba ya Baba Dunia

Siku munganga Tshala wa hospitali alipokuja kumpima mume wake, Amida aliamka mapema, akamwogesha Ismaeli, akamnyoa ndevu, akamvalisha shati jeupe la mikono mirefu. Vifungo alivifunga mwenyewe. Ismaeli alikuwa amejaribu kimoja, akakiingiza kwenye tundu lisilo lake, akachemka, akaitupa kofia yake chini. Amida aliiokota kofia, akaipangusa vumbi, akasema kwa sauti ya kubembeleza, "Baba Dunia, leo usikasirike. Leo tu."

"Minyi sikasiriki. Nani anasema minakasirika?"

Akamshika mkono, akampeleka dukani, akamketisha nyuma ya meza mbele ya mizani, mahali alipokuwa akiketi siku zote kabla ya ajali.

Duka lenyewe, ambalo kwa watu wa Kamina ni magazini, lilikuwa chumba kimoja cha mbele ya nyumba. Waliuza chumvi, sabuni, mafuta ya mawese na samaki wakavu kutoka Bukama. Katika safari ya kuleta samaki hao ndipo Ismaeli alipoanguka kutoka juu ya mizigo ya lori, kichwa kikatangulia. Alilala siku kumi na tisa bila kumtambua mtu. Sasa mwaka mmoja na miezi miwili ilikuwa imepita. Alitembea, alizungumza, mguu wa kuume aliuburuta kidogo tu. Mpita njia aliyemsalimu na kuitikiwa alikwenda zake akimshukuru Mungu kwa muujiza.

Yaliyokuwa nyuma ya pazia aliyajua Amida na binti yao Dunia, msichana wa miaka kumi na minne. Siri ya mtungi aijuaye ni kata.

Tshala alifika saa tatu kwa pikipiki ya kukodi, karatasi zake amezifunga ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno. Ndiye aliyemfundisha Ismaeli kusimama tena, hatua kwa hatua, kwenye chumba cha mazoezi cha hospitali. Aliketi juu ya gunia la chumvi, akaeleza kwamba kila mtu aliyeumia kichwa vibaya, mwaka ukipita, hupimwa ametoka wapi na amefika wapi, kisha hupewa namba, kuanzia moja mpaka nane.

"Na moja njo ya nani?" aliuliza Ismaeli.

"Moja ni ya mwenye alikufa, papa."

Ismaeli akacheka mpaka machozi. "Kumbe hata maiti banaipatia namba!"

"Mbili ni mwenye analala tu, macho wazi, hajue kama kuko bantu. Nane njo mwenye alirudia sawa vile alikuwa mbele."

"Basi andika nane, tumalize."

Tshala hakucheka. Alisoma maswali yake moja moja. Papa anaweza kubakia peke yake ku nyumba siku muzima? Ee. Anaweza kwenda ku soko, kununua, kurudisha chenji? "Unauliza samaki kama anajua maji," alijibu Ismaeli. Kazi amerudilia?

"Weye unanikuta fasi gani? Haiko ku magazini?" alisema Ismaeli, akaipiga meza kwa kiganja.

Hapo Tshala akamgeukia Amida. "Mama, na weye? Karatasi inaomba mwenye anaishi naye pia aseme. Ku nyumba anaishi namna gani na bantu? Hasira iko? Kusahau iko?"

Amida alimtazama mume wake. Uso wa Ismaeli ulikuwa unatabasamu, lakini chini ya meza, mahali ambapo Tshala hakuweza kuona, mkono wake ulikuwa umeikamata suruali kwa nguvu. Na nyuma ya Ismaeli, Amida aliona kama kwa macho sura ya Omari, kaka mkubwa wa mume wake. Omari alikuwa ameuza pikipiki yake, iliyokuwa inamlisha, ili mdogo wake apelekwe Lubumbashi kwa garimoshi. Nusu ya mali ya dukani ilikuwa yake. Kwa miezi mitatu alikuwa akirudia neno moja: kama akili ya ndugu yangu haiko sawa, basi mimi ndiye wa kushika magazini.

"Iko muzuri," alisema Amida. "Asante ya Mungu."

"Mama, sema ya kweli. Hii haiko mutihani ya masomo."

"Minasema kweli."

Dunia, aliyekuwa anapima chumvi pembeni, aliinamisha kichwa. Tshala alingoja kidogo, kalamu juu ya karatasi. Kisha akaandika saba, akatia sahihi na muhuri, akamwachia Amida nakala.

Kesho yake Omari alipokuja, Amida alimpa karatasi hata kabla hajaketi. "Soma, shemeji. Saba ku nane."

Omari aliisoma mara mbili, midomo ikitembea. "Bon, sawa," akasema. "Kama munganga ameandika, minyi niko nani?" Akaikunja vizuri, akairudisha. Tangu ajali ile Amida hakuwahi kulala usingizi mzito kama aliolala usiku huo.

* * *

Wiki tatu baadaye, Jumamosi mchana, duka likiwa na watu, mwanamke mmoja aliomba sabuni mbili. Ismaeli akampa katoni mbili. Yule mwanamke akalipa bei ya sabuni mbili, akajitwisha katoni zote, akatoka mbio mbio. Amida alikuwa uani anageuza bukari, yaani ugali. Dunia alipomwita, aliacha mwiko kwenye sufuria, akatoka barabarani na kitenge kikimfunguka, akampata yule mwanamke mbele ya fundi viatu. Palitokea makelele. Watu wakakusanyika. Alirudi na katoni zake kichwani, akitweta.

Ismaeli alikuwa amesimama. Macho yake yalikuwa yale ambayo Amida na Dunia waliyafahamu, yale ambayo yakitokea Dunia huficha kisu cha kukatia sabuni. Omari naye alikuwa mlangoni, amekuja na mzigo wa samaki.

"Unanifanya mutoto mbele ya bantu," alisema Ismaeli.

"Baba Dunia, ni mwizi ule, alitaka—"

"Unanifanya mutoto!" Alinyakua jiwe la mizani, akalirusha. Lilimkosa Amida kwa upana wa mkono, likapasua chupa za mafuta kwenye rafu. Mafuta mekundu yakatiririka juu ya magunia. "Minakuacha! Unasikia? Talaka moja, mbili, tatu. Toka ku magazini yangu!"

Wateja wawili waliokuwa ndani, wanaume wa msikitini wote wawili, walitazamana. Amida aliinama akaanza kuokota vigae vya chupa, kwa sababu mikono ilitaka kazi.

Mafuta hayajamalizika kufutwa, Ismaeli alikuwa amekwisha kuketi. Akainua kichwa na kuuliza kwa upole, "Mama Dunia, chakula iko wapi? Njaa inaniuma."

Amida aligeuka kumtazama Omari. "Umeona, shemeji? Umemusikia? Amesahau. Haiko yeye, ni kichwa."

Omari alikuwa amepauka. "Minyi nimesikia talaka tatu," alisema. "Na hawa bili bamesikia. Weye njo uliniletea karatasi: saba ku nane. Sasa kichwa inaingilia wapi?"

"Omari..."

"Ukilala tena mu nyumba yake ni haramu. Minyi siwezi kubeba ile zambi. Funga bintu yako."

Kwenda wapi? Nyumba ya baba yake, upande wa Malemba-Nkulu, ilichomwa na watu wenye silaha, na ndugu zake walitawanyika kama pumba. Alikwenda kwa jirani, mama Marthe, mjane wa mtu wa reli, aliyekuwa na chumba kidogo uani alimohifadhi makaa. Mama Marthe aliyasukuma makaa upande mmoja, akatandika mkeka upande wa pili. "Shiye bakristu hatuna ile ya maneno tatu," alisema. "Lakini bwana yako, hata mutoto mudogo anaona kama kichwa yake iliharibika. Namna gani balimuandikia saba?"

Siku ya tatu Ismaeli alikuja mwenyewe, anaburuta mguu, shati limefungwa vifungo pogo. Alisimama kwenye ua wa mama Marthe na kuita kwa sauti kubwa hata majirani wakatoka. "Mama Dunia! Juu ya nini unalala kwa bantu? Minyi nilikukosea nini?"

Amida alikuwa nyuma ya mlango wa chumba cha makaa. Aliweka mkono kinywani, akabaki hivyo hivyo, mpaka Dunia alipokuja kumshika baba yake kiwiko na kumrudisha nyumbani.

* * *

Mwalimu Daudi, imamu, alimsikiliza Amida mpaka mwisho bila kumkatiza. Alikuwa mzee wa ukoo wa Maniema, na Kiswahili chake kilikuwa cha kitabu zaidi ya cha soko.

"Talaka ya mtu asiye na akili yake haianguki, mama. Hilo halina ubishi. Lakini Omari ameniambia habari ya karatasi ya hospitali. Nitasemaje kwamba huyu hana akili, na waganga wamesema anayo?"

"Ile karatasi iko bongo, Mwalimu. Minyi njo niliongopa."

"Basi nenda kwa aliyeiandika. Aliyefunga fundo ndiye wa kulifungua."

Hospitalini alikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka saa saba, akipitwa na watu wenye magongo na wenye vichwa vilivyofungwa bendeji. Tshala alipotoka kula, Amida alimfuata mpaka chini ya upenu, akamweleza yote amesimama. Alitarajia huruma. Tshala alikunja uso.

"Mama, unajua hizi namba tunaandika juu ya nini? Haiko kwa kupendeza bantu. Mwenye anapata saba, tunamuondosha ku liste ya mazoezi. Dawa ya kichwa yake, hatumuwekee tena. Bwana yako alikosa mwezi muzima juu yako."

Amida hakuwa amejua hilo. Akashika nguzo ya upenu.

"Niliogopa ndugu yake atakamata magazini," alisema.

"Na sasa?"

"Sasa minaogopa yote."

Tshala aliitazama sahani yake ya mboga ya sombe, akaifunika. "Nitamupima tena. Lakini utasema yote, na yeye akiwa pale, na imamu. Sitaandika tena maneno ya kuninong'onea."

"Yeye akiwa pale?"

"Ile siku ya kwanza ulificha kwa kuwa alikuwa pale. Ukisema leo nyuma ya mugongo yake, ndugu yake ataniuliza kama nilikula pesa ya nani."

* * *

Walikutana Jumapili asubuhi kwenye baraza ya imamu. Ismaeli alikuja na shati lake jeupe. Alikuwa amefurahi. Alidhani wamekuja kupatanishwa, na alipomwona Amida alimfanyia ishara akae karibu naye. Amida alikaa mkekani, mbali kidogo, karibu na Dunia. Omari aliketi upande wa mlango, tasbihi mkononi.

Tshala alianza na maswali yale yale. Ismaeli akajibu vile vile, kwa tabasamu lile lile. Ee. Ee. Minyi minauzisha tangu niko mutoto. Kisha Tshala akasema, "Mama, sema."

Amida alisema akitazama mkeka.

Alisema kwamba Ismaeli haachwi peke yake, hata kwa muda wa kuchota maji, tangu siku alipomwaga makaa ya moto kutoka kwenye jiko la mbabula kitandani akisema anatafuta ufunguo. Alisema kwamba yeye na Dunia ndio wanaouza, na Ismaeli hukaa nyuma ya meza ili watu wamwone. Kwamba chenji hajui tena. Kwamba alimpiga Dunia kwa fimbo, mara mbili, na mara ya pili ilibidi mtoto asiende shuleni wiki nzima. Kwamba hasira huja kila siku, na ikienda haikumbuki.

"Chooni?" aliuliza Tshala.

Amida aliufuata kwa kidole ukingo wa mkeka.

"Mama, chooni?"

"Minamupeleka. Akienda peke yake... anarudia bila kuvaa. Mara moja alitoka barabarani vile. Na asubuhi ingine ananiita kwa jina ya mama yake mwenye alikufa. Minaitika."

Omari aliacha kuhesabu tasbihi. Imamu alitazama mikono yake.

Ismaeli hakukasirika. Hilo ndilo lililomtisha Amida. Alikuwa ameukodolea macho uso wa mke wake muda wote, kama mtu anayesikiliza habari za msiba kwa lugha asiyoijua sana, akichukua neno hapa na neno pale. Tabasamu lilimtoka polepole.

Tshala alijumlisha, akaandika. "Ni tatu," alisema. "Anaitaji muntu wa kumuangalia kila saa."

"Tatu," alisema Ismaeli. Akainua mkono wa kushoto, akahesabu kwa vidole mbele yao wote. "Moja ni maiti. Mbili ni mwenye analala, macho wazi. Minyi njo ninafuata." Akabaki ameviinua vidole vitatu, kana kwamba hajui pa kuviweka.

Imamu alisema kwamba kwa ushahidi huu, maneno ya Jumamosi ile ni upepo. Talaka haikuanguka, na Amida ni mke wa Ismaeli leo kama jana. Amida alitaka kushukuru, lakini mzee aliinua kiganja. "Bado. Mali ya mtu aliye katika hali hii lazima iwe na msimamizi. Hiyo nayo ni sheria."

"Minyi njo nilisimamia mwaka muzima," alisema Amida. "Mwalimu, hata kilo moja ya chumvi haikupotea. Dunia iko shahidi."

"Najua umefanya kazi. Lakini karatasi ya kwanza ilikuwa uongo, na uongo huo ulikuwa juu ya mali hii hii. Nitakukabidhi vipi, na Omari ana nusu yake humo?"

Omari alisimama. Hakuonekana kama mtu aliyeshinda. "Nitakuwa minatuma unga na samaki," alisema, bila kumtazama. "Nyumba mubakie. Magazini nitahamisha kwangu." Akanyoosha mkono. Amida alifungua fundo la kitenge kiunoni, akatoa funguo mbili, akamwekea kiganjani. Kisha akaenda kumwinua mume wake. Ismaeli alisimama peke yake, akautoa mkono wake katika mkono wa Amida, akatangulia kutoka.

* * *

Magunia yalihamishwa siku mbili baadaye. Ukutani palibaki alama nyeupe za rafu. Dunia aliacha shule, kwa maana mtu wa kumlinda baba kila saa alitakiwa, na wa kutafuta chakula naye alitakiwa, na nyumbani walikuwa wawili tu. Unga wa Omari ulikuja kweli wiki ya kwanza, na ya pili. Ya tatu ulikuja nusu. Ya nne haukuja. Amida alikuwa ameanza kuuza chumvi kwa kikombe, amekaa chini, kando ya barabara ya stesheni, mahali wanapokaa wasio na meza. Wateja wake wa zamani walipita. Wengine walimsalimu. Wengine ghafla waliona kitu cha maana upande wa pili wa barabara.

Mazoezi Ismaeli aliyarudia, na dawa ikaanza tena. Hasira zilipungua kidogo. Lakini na Amida hakuzungumza. Chakula alikila, maji ya kuoga aliyapokea, na usiku aligeukia ukuta. Mambo mengi yalimtoka Ismaeli kabla jua halijageuka: majina, siku, kama amekwisha kula. Hili la baraza ya imamu halikumtoka. Amida alingoja limtoke. Aliomba limtoke, kisha akajilaumu kwa kuomba kwamba mumewe asahau zaidi.

Siku moja adhuhuri, aliwaona wanakuja barabarani, Dunia amemshika baba yake mkono wa shati. "Anakataa kubakia," alisema Dunia. "Tangu asubuhi anasema tu, twende kwa mama." Ismaeli alijishusha chini taratibu, mguu mbovu mbele, akakaa ubavuni mwa Amida, juu ya gunia tupu. Walitazama watu wakipita.

"Mu ile karatasi," alisema Ismaeli, "yenye maulizo. Banauliza kama muntu anajua?"

"Anajua nini, Baba Dunia?"

"Anajua kama ameharibika."

Amida aliyapitia maswali yote kichwani, la kwanza mpaka la mwisho. Aliyajua sasa kama sala. "Hapana," akasema. "Ile habaulizi."

Ismaeli alitikisa kichwa polepole. Nzi alitua juu ya kovu la paji lake, hakumfukuza.

"Mara ingine bakikuya, ubaambie," alisema. "Ulibaambia yote. Na ile ubaambie. Ubaambie minyi minajua."

Amida alifungua kinywa kumjibu, lakini mwanamke mwenye mtoto mgongoni alikuwa amekwisha kusimama mbele yao anaomba vikombe viwili. Akachota, akachota tena, akamuuliza kama amekuja na mfuko wake, maana mifuko ilikuwa imemwishia.